Kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji: kuchangisha fedha za nyumba ya maveterani kandokando ya ziwa

Wakusanye watu wa Mwanza kwenye ukumbi wowote, uwaambie kwamba kuna nyumba ya mapumziko ya wanajeshi wastaafu upande wa Kayenze au Igombe inayotaka kuongeza vyumba, na mikono itaingia mifukoni bila kubembelezwa. Vita vya Kagera vilibisha hodi upande huu wa nchi. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la kaskazini mwa Mto Kagera, daraja la Kyaka likabomolewa, na watu wakakimbilia kusini na kile walichoweza kubeba. Kampala iliangushwa tarehe 11 Aprili 1979, vita vikaisha Juni mwaka huohuo. Waliokwenda hawakuwa askari wa JWTZ peke yao. Walikuwamo polisi, magereza, JKT na mgambo, vijana waliotoka moja kwa moja mashambani. Baadhi yao wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba. Wengine walirudi, wakaoa, wakalima pamba, wakavua, wakazeeka, na mpaka leo wapo wanaoamka saa nane za usiku wakipiga kelele.

Moyo wa kutoa, basi, upo. Kinachokwamisha shughuli za namna hii ni kitu kingine, nacho hakizungumzwi sana kwenye vikao: kamati nyingi huomba fedha za kitu ambacho ni rahisi kukiombea, na kuacha kuomba fedha za kitu kinachomponya mtu. Ramani ya jengo jipya inaonekana vizuri kwenye bango. Mshahara wa mshauri nasaha hauonekani kabisa. Matokeo yake ni majengo mazuri yenye vitanda vitupu, au mabaya zaidi, vitanda vyenye watu wanaoteseka na hakuna wa kukaa nao. Nitajaribu kuifungua hesabu yote hapa, kuanzia kwa mgonjwa mwenyewe hadi kwenye daftari la mweka hazina, kwa sababu bila kuielewa, harambee kubwa inaweza kuiua nyumba ndogo iliyokuwa inafanya kazi.

Nani anakuja kulala pale

Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa anakaribia 70. Magoti yanamuuma, huenda ana kisukari, huenda mguu mmoja ni wa bandia, na choo cha kuchuchumaa kwake ni adhabu. Huyo ni mgeni wa kwanza wa nyumba hii. Mgeni wa pili ni mdogo wake sana, pengine umri wa mwanawe: aliyekwenda Darfur, Lebanon, Jamhuri ya Afrika ya Kati au Kongo chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Julai 2013 wanajeshi 7 wa Tanzania waliuawa Darfur katika shambulizi moja. Desemba 7, 2017, kambi ya Semuliki huko Kivu Kaskazini ilishambuliwa na wakauawa wanajeshi wasiopungua 14 wa Tanzania, wengine wengi wakajeruhiwa. Walionusurika usiku ule walirudi kwa wake zao na watoto wao. Wengine wao bado ni vijana wenye nguvu, wanataka kazi, wanataka simu yenye mtandao, na hawataki kuitwa wagonjwa.

Wazee hawa na vijana hawa wana jeraha la aina moja. Kiwewe kikikaa mwilini mwa mtu aliyeponea kifo, mwili hubaki kwenye zamu ya ulinzi hata baada ya vita kwisha. Mtu hulala kidogo, huota mambo yaleyale, hushtuka kwa sauti ndogo, hukwepa watu na mahali panapomkumbusha, hukasirika haraka, na mara nyingi hutafuta usingizi kwenye pombe. Sayansi ilichelewa kuupa ugonjwa huu jina, PTSD kwa kifupi cha Kiingereza: uliingizwa rasmi kwenye mwongozo wa uchunguzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani mwaka 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimeshakwisha. Mzee aliyeambiwa amerogwa, au kwamba amekuwa mlevi tu, alikuwa anaumwa ugonjwa ambao hata vitabuni ulikuwa haujaandikwa.

Sasa mchukue mtu huyo umlaze kwenye chumba cha kawaida cha Kanda ya Ziwa, bati juu, hakuna dari. Ziwa Victoria ni miongoni mwa mahali duniani penye radi nyingi, na radi zake hupenda usiku, ziwa linapokuwa na joto kuliko nchi kavu inayolizunguka. Mvua kubwa ikipiga bati saa tisa usiku, asiyewahi kuwa vitani hujifunika shuka na kuendelea kulala. Aliyewahi kuwa handakini anakuwa chini ya kitanda kabla hajajua amefikaje huko. Mchana kuna baruti za wapasua mawe. Kwa hiyo dari yenye kitu cha kuzuia sauti, kitanda kisichoupa mlango mgongo, taa ndogo ya usiku, na kitasa ambacho mgeni anaweza kukifunga kwa ndani huku mhudumu akiwa na ufunguo wa dharura, vyote hivyo ni sehemu ya tiba. Kwenye ramani nyingi havimo, kwa sababu mchoraji hakuambiwa anamchorea nani. Kamati ikitaka kujua ipanue nini, iwaulize kwanza waliolala pale mwaka jana.

Nyumba inafanya nini, na haifanyi nini

Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa ulipo. Watu husema maji ya ziwa, upepo na utulivu vitamponya mzee. Vinasaidia, sitaki kubeza. Kula vizuri, kulala mahali salama, kukaa na wenzako usiohitaji kuwaeleza mapigano ya Lukaya, kule Uganda, yalikuwaje, kuvua sato kwa ndoano asubuhi: hayo hufungua mlango uliofungwa miaka arobaini. Wastaafu wengi huanza kusema mbele ya mwenzao kile ambacho mke hajawahi kukisikia. Lakini kufungua mlango ni kazi moja, na kumtoa mtu ndani ni kazi nyingine.

Tiba yenye ushahidi ni ya mazungumzo inayolenga kiwewe chenyewe, inayofanywa kwa vikao kadhaa na mtu aliyefundishwa. Shirika la Afya Duniani linaipendekeza, na wakati huohuo halipendekezi ule mtindo wa kumkalisha mtu mara moja tu asimulie yote yaliyompata kisha aende zake. Maana yake kwetu ni nzito. Wikiendi moja ya mapumziko, yenye duara la kusimulia usiku na kuagana asubuhi, inaweza kumrudisha mzee Magu au Sengerema akiwa na kidonda kilichofunuliwa na hakuna wa kukifunga. Nyumba inayopanua vitanda bila kupanua vikao na ufuatiliaji inapanua hatari hiyo pia.

Habari njema ni kwamba wa kufanya kazi hiyo si lazima wawe madaktari bingwa, ambao nchi yetu inao wachache. Jirani zetu wameonyesha njia. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, watu wa kawaida kutoka miongoni mwa wakimbizi walifundishwa tiba ya kusimulia maisha kwa mpangilio, tangu utoto, kupitia yale mabaya, hadi leo, na utafiti uliochapishwa 2008 ulionyesha waliohudumiwa walipata nafuu. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa Friendship Bench, ambapo bibi wa mtaani waliofundishwa hukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kusikiliza watu wenye msongo wa mawazo na sonona. Majaribio ya kisayansi yaliyochapishwa 2016 yalionyesha dalili za waliohudumiwa zilipungua kuliko za wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Miradi yote miwili ina mambo matatu ambayo hayachangiwi kwenye harambee zetu: mafunzo, usimamizi wa mtaalamu, na malipo ya kila mwezi. Kwa Mwanza mtaalamu wa kusimamia anapatikana. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, iliyofunguliwa 1971, ina idara ya afya ya akili. Ipo pia hospitali ya mkoa ya Sekou Toure. Nyumba ya mapumziko inayojiheshimu inatakiwa kuwa na makubaliano ya maandishi na mojawapo: nani anapigiwa simu mgeni akizidiwa, nani anaandika dawa, nani anakuja mara moja kwa wiki kuwasikiliza washauri wenyewe, maana nao hubeba waliyoyasikia. Makubaliano ya namna hiyo hayahitaji tofali hata moja. Yanahitaji nauli, posho na mtu wa kuyafuatilia.

Hesabu ambayo bango haiionyeshi

Tuchukue namba za mfano tu, ili mtu aone umbo la jambo. Tuseme kamati inataka vyumba vinane vipya na fundi amesema shilingi milioni 160 hadi kukabidhi ufunguo. Harambee inafanyika, mgeni rasmi na marafiki zake wanachangia, fedha inapatikana. Hongera. Sasa vyumba vinane vina watu wanane. Washauri watatu kwa milioni 1.2 kila mmoja ni milioni 3.6 kwa mwezi. Muuguzi laki tisa. Mpishi na msaidizi wake laki tisa kwa pamoja. Walinzi wawili laki sita. Chakula, kwa shilingi 10,000 kwa mtu kwa siku, ni milioni 2.4. Umeme, maji, dawa, mafuta ya gari na vocha za simu, milioni 1.6. Jumla ni milioni 10 kwa mwezi.

Ndani ya miezi 16 gharama za kuendesha vyumba vile zimefikia gharama ya kuvijenga, na zinaendelea. Kila kitanda kinakula milioni 15 kwa mwaka, iwe mvua iwe jua. Badilisha mishahara unavyotaka, punguza chakula, kataa muuguzi. Umbo halibadiliki sana. Kujenga ni mara moja, kuendesha ni kila mwezi, na harambee kwa asili yake ni tukio la mara moja. Ndiyo sababu nasema kwamba harambee kubwa inaweza kuiua nyumba ndogo. Nyumba ya vyumba vinne iliyokuwa inajikimu kwa michango ya kila mwezi ya wanachama na wastaafu wenzao inajikuta ina vyumba kumi na viwili na mapato yaleyale. Wa kwanza kupunguzwa huwa mshauri, kwa sababu mlinzi na mpishi huwezi kuwaondoa.

Wenye fedha nyingi kuliko sisi nao wamekutana na sura nyingine ya jambo hili. Uingereza, shirika la Help for Heroes lilianzishwa 2007, na kampeni yake ya kwanza kubwa ilikusanya mamilioni ya pauni kwa ajili ya jengo la kuogelea na mazoezi kwenye kituo cha kuwarekebisha askari majeruhi cha Headley Court. Lilifunguliwa 2010. Ilipofika 2018, huduma ile ya kijeshi ilihamishiwa kituo kipya cha Stanford Hall, Nottinghamshire, na Headley Court ikafungwa. Waliochanga hawakuibiwa, kwa miaka minane majeruhi wengi walijifunza kutembea tena pale. Ila jengo lilifuata uamuzi wa yule anayeendesha huduma, na mchangaji hakuwa na sauti juu ya uamuzi huo. Anayechangia jengo popote duniani ana haki ya kuuliza nani ameahidi kuliendesha, kwa muda gani, na ahadi hiyo imeandikwa wapi.

Ardhi ya nani

Swali la pili ambalo mchangiaji anatakiwa kuliuliza bila aibu ni hati. Nyumba nyingi za hisani huanzia kwenye kiwanja cha mwanzilishi: afande mstaafu mwenye moyo mwema anatoa nyumba yake, wenzake wanaanza kuja. Ni jambo la kuheshimiwa sana. Lakini ukijenga vyumba vinane vya michango juu ya kiwanja chenye hati ya jina lake, umemjengea yeye na warithi wake. Akifariki, watoto wakigawana, hakuna mahakama itakayoona aibu kuwapa. Suluhisho linajulikana: kuunda bodi ya wadhamini na kuiandikisha RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, chini ya sheria ya wadhamini, kisha kuhamishia ardhi kwa bodi hiyo. Inachukua muda na ada, na mwanzilishi anaweza kuona kama anaporwa. Kaeni naye, mzungumze kwa heshima, mweleweshane, jina lake libaki langoni. Ila harambee isubiri mpaka hati ibadilike.

Ziwa nalo lina masharti yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kila mtu anataka vyumba vinavyotazama maji, na wapo walioona majirani wamejenga mpaka kwenye magugu. Kwa nyumba inayoishi kwa fedha za watu, kujenga ndani ya mita hizo ni kuweka michango mahali ambapo tingatinga linaweza kuja kihalali. Ofisi ya Kanda ya Ziwa ya NEMC, wasimamizi wa mazingira, iko hapahapa Mwanza. Kupima kwanza ni rahisi kuliko kubomoa. Kibali cha ujenzi kinatoka halmashauri, na kwa Kayenze au Igombe hiyo ni Manispaa ya Ilemela.

Halafu kuna mawe. Mtu wa Dodoma au Pwani akikufanyia makadirio bila kufika eneo la ujenzi, atakosea. Kwenye mwamba wa Mwanza msingi unaweza kuwa rahisi, maana umeshasimama juu ya jiwe, lakini shimo la maji machafu linaweza kukuletea bili inayozidi kuta. Kupasua jiwe kwa ajili ya shimo la vyoo vya watu wanane ni kazi ya wiki kadhaa, na ukikwepa kwa kulichimba upande wa chini, unapeleka uchafu ziwani wanakochota majirani. Na kama nilivyosema, baruti huku wageni wakiwa ndani haiwezekani. Hiyo ina maana nyumba ifungwe wakati wa kupasua, au ipasuliwe kwa moto na nyundo kama wafanyavyo wachimba kokoto, polepole. Makadirio ya fundi yawe na mstari wake wa mawe, tena mnene.

Nalitaja na hili kwa kuwa linasahaulika: kuogelea. Wageni watataka kuingia majini, na kwa wengi ni faraja kubwa. Lakini kingo tulivu zenye magugu ndizo wanakoishi konokono wa kichocho, na vijidudu vyake huingia kupitia ngozi. Watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hapa Mwanza wameushughulikia ugonjwa huu kwa miaka mingi, na dawa yake, prazikwanteli, inajulikana. Nyumba inayouza utulivu wa ziwa kwenye kadi za mchango inawajibika kuwapima wageni wake na kuwatibu, au kuwajengea bwawa dogo la maji safi. Kwa mzee mwenye mguu wa bandia, bwawa lenye ngazi pana na vishikio lingekuwa la maana kuliko gati la mbao.

Fedha zinatoka wapi

Harambee ya ukumbini tunaijua wote: mshereheshaji, keki inayopigwa mnada, fedha taslimu na ahadi. Siichukii. Inaleta watu pamoja na inaleta mifuko ya saruji, nondo, tripu za mchanga. Ila ahadi zinazotangazwa kwa kipaza sauti haziwezi kulipa mshahara wa Machi. Kamati iandike ahadi kila moja na tarehe yake, imteue mtu mmoja wa kuzifuatilia kwa simu na kwa adabu, na isisaini mkataba na fundi kwa kutegemea ahadi ambazo hazijaingia.

Kwa gharama za kila mwezi, chombo bora tunacho mikononi. Watu wetu wamezoea kuchanga kwa kamati: harusi, msiba, ada ya mtoto wa jirani. Shilingi 5,000 kwa mwezi kutoka kwa watu 2,000 ni milioni 10, yaani ndiyo bajeti ile niliyoihesabu juu. Watu 2,000 ni wengi, lakini wapo: vikosi walikotumikia hawa wazee, makanisa na misikiti, vyama vya wastaafu, watoto wa maveterani walioko Dar es Salaam na nje ya nchi. Huduma za vikundi kwenye simu, kama M-Koba, huruhusu fedha itoke pale tu wanaosimamia kikundi wanapoidhinisha, na kila mwanachama anaona kilichoingia na kilichotoka. Hilo linaondoa manung'uniko mengi kuliko hotuba yoyote ya mweka hazina.

Kampuni nazo zina sababu ya kutoa iliyo kwenye sheria. Sheria ya Kodi ya Mapato inaruhusu mfanyabiashara kuondoa kwenye mapato yake yanayotozwa kodi mchango alioutoa kwa taasisi ya hisani, hadi asilimia 2 ya mapato yake ya biashara. Lakini taasisi hiyo lazima iwe imetambuliwa na TRA kuwa ya hisani, na usajili peke yake hautoshi. Barua hiyo ya TRA ikiwa mkononi, mazungumzo na mhasibu wa kiwanda cha samaki yanabadilika kabisa. Kwa migodi njia ni nyingine: tangu marekebisho ya 2017, Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni aandae mpango wa wajibu kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Kwa hiyo aliyeko Sengerema akitaka mradi wa dhahabu wa Nyanzaga uisaidie nyumba kama hii, hodi ya kwanza aipige halmashauri, kwenye kipaumbele cha kata yake, kabla ya kwenda getini kwa mgodi.

Mfadhili wa nje akija, karatasi zinaongezeka. Kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za 2018 zinataka mikataba ya ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 ipelekwe kwa Msajili, na fedha hizo zitangazwe hadharani. Mfadhili wa nje pia hupenda kulipia vitu vyenye kibao: jengo, gari, jenereta. Mwambieni kwa uwazi kwamba mnahitaji mishahara ya miaka mitatu. Wengine wataondoka. Atakayebaki ndiye mliyekuwa mnamtafuta.

Mzee asisimamishwe jukwaani

Kuna kitu kimoja kwenye harambee hizi ambacho kinaniumiza, na sitakizungusha. Ni ule wakati ambapo mgeni wa nyumba anaitwa mbele kutoa ushuhuda. Anapewa kipaza sauti, anaulizwa aeleze aliyoyaona, ukumbi unalia, fedha inamwagika. Kisha anarudi kwenye chumba chake na usiku ule halali, pengine wiki nzima. Tumetumia kidonda chake kama tangazo, na tiba yake imerudi nyuma. Haijalishi kwamba alikubali. Askari amefundishwa kukubali anapoombwa na wakubwa, na mtu anayekula na kulala kwa fadhila yako hana nafasi ya kweli ya kukataa.

Sheria nayo iko upande wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida haziguswi bila ridhaa. Picha ya mzee akiwa kitandani kwenye kundi la WhatsApp la kamati ni taarifa ya afya. Na jambo linakuwa zito zaidi kwa sababu Kanuni ya Adhabu yetu bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Veterani aliyefika kwenye nyumba ile kwa sababu alikuwa ukingoni mwa uamuzi huo anahitaji kujua kwamba habari yake haitatoka nje ya ukuta. Asipokuwa na hakika hiyo, hatasema, na asiposema, mshauri tuliyemchangia hana cha kufanyia kazi.

Mbadala upo, nao unachangisha vizuri tu. Mshauri asimulie kazi yake bila kutaja mtu. Mke wa veterani ambaye mumewe hayupo kwenye huduma sasa, na ambaye mwenyewe amependa kusema, azungumzie maisha ya nyumbani. Mweka hazina asome hesabu ya kitanda kimoja kwa mwaka mzima, mstari kwa mstari, kisha aulize nani anachukua kitanda hicho. Nimeona watu wakiguswa na hesabu iliyosomwa kwa uaminifu.

Awamu ya kwanza

Kama ningekuwa na kura kwenye kamati ya nyumba kama hii, awamu ya kwanza ya upanuzi isingekuwa na chumba kipya hata kimoja. Ingekuwa na dari kwenye vyumba vilivyopo, vyoo vya kukalia na vishikio vya ukutani, mshauri mmoja zaidi wa kuajiriwa, mafunzo kwa wastaafu wanne au watano wenye hekima ya kusikiliza, makubaliano na hospitali, hati kwa jina la wadhamini, barua ya TRA. Ingekuwa na fungu la nauli, maana tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025, anayetoka Sengerema, Geita au hata Bukoba kwa basi hasubiri tena kivuko, na wagonjwa wa upande ule wataanza kuja wengi zaidi bila sisi kuongeza tangazo. Na ingekuwa na kazi ya kumpigia simu kila mgeni baada ya wiki moja, mwezi mmoja na miezi mitatu tangu aondoke, kumuuliza analalaje, kuzungumza na mkewe kama ameruhusu, na kumrudisha ikibidi.

Msingi wa vyumba vipya uchimbwe siku ambayo mishahara ya miezi 12 ya watakaofanya kazi ndani yake iko benki, kwenye akaunti tofauti na ile ya ujenzi, yenye watia saini watatu, mmoja wao akiwa si mjumbe wa kamati.